Dada yuko kwenye mashine, wanataka kukata kinyama cha pafu: tusaini?

"Shikamoo daktari. Dada yangu ana miaka 41, anauza vitambaa Kariakoo. Miezi miwili iliyopita alianza kikohozi kikavu na kuchoka, tukadhani ni vumbi la dukani. Baada ya wiki kama tano akawa hawezi kupanda ngazi. Sasa yuko ICU hapa Dar, siku ya 9 kwenye mashine ya kupumulia, mashine inampa oksijeni ya asilimia 60. TB hawajaiona, HIV hana, antibaiotiki wamebadilisha mara tatu. Wamepiga CT, wanasema mapafu yote mawili yana ukungu na chanzo hawakijui. Hana presha wala sukari, ni UTI tu ilikuwa inamrudiarudia. Sasa wanataka kukata kinyama cha pafu wakakipime. Mama amekataa kusaini, anasema mtu hapumui halafu unamkata pafu lile lile! Shangazi naye anasema kama ni saratani kisu kitaisambaza. Ndugu wote wananitazama mimi. Tusaini au tusisaini?"

Marahaba, ndugu yangu, na poleni sana. Siku tisa za kukaa kwenye benchi nje ya ICU ni nyingi, nazijua kwa kuwatazama wanaozikaa. Nitakujibu moja kwa moja, lakini ujue kwamba simwoni mgonjwa, sijaona picha yake, na daktari aliyesimama pembeni ya kitanda chake ana neno zito kuliko langu.

Naanza na mama, kwa sababu hajasema upuuzi. Amesema jambo ambalo hata sisi tunalijadili kwa sauti ya chini kila tunapofikiria kipimo hiki. Ila wasiwasi wake umekaa mahali pasipo penyewe. Anachokiogopa ni pafu kupungua. Kinyama chenyewe kina ukubwa wa ncha ya kidole gumba, na pafu la mtu mzima ni kubwa kiasi kwamba kipande hicho hakitamfanya akose pumzi. Hatari iko kwenye kile kitundu kinachobaki. Wewe na mimi tukivuta pumzi, hewa inaingia kwa kunyonywa. Mgonjwa wa mashine anasukumiwa hewa kwa nguvu, mara 20 au zaidi kwa dakika, usiku na mchana. Ni sawa na kuziba pancha huku fundi mwingine anaendelea kujaza upepo. Kwa hiyo daktari wa upasuaji hushona au kubana kingo, kisha huacha mrija kifuani unaoishia kwenye chupa ya maji chini ya kitanda. Mkiingia mkakuta maji yale yanatoa mapovu, msipige yowe. Ni hewa inayovuja kupitia pale palipokatwa. Mara nyingi hukoma baada ya siku chache, mara nyingine huchukua wiki na zaidi, na hilo ndilo tatizo linaloongoza baada ya kipimo hiki.

Takwimu ninazozitumia ninapozungumza na familia ni hizi. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi uliounganisha tafiti ndogondogo za wagonjwa zaidi ya 500, wote wakiwa mahututi kwenye mashine na wote wakiwa wamefanyiwa upasuaji wa kuchukua kinyama cha pafu. Karibu 3 kati ya 10 walipata madhara, mengi yakiwa hewa kuvuja. Waliokufa kwa sababu ya kipimo chenyewe walikuwa wachache sana. Na kwa zaidi ya theluthi mbili, jibu lilibadilisha kitu kwenye matibabu: dawa iliongezwa, au ilisimamishwa, au madaktari na familia walijua kwamba njia imefika mwisho. Lakini hao walikuwa wagonjwa waliochaguliwa, katika hospitali zilizozoea kazi hiyo. Usichukue namba hizo ukazibandika kwenye kitanda cha dada yako kama bei ya kanga.

Shangazi naye asikasirikiwe, maneno hayo yamezunguka mjini miaka mingi. Yanatokana na watu waliopasuliwa saratani ikiwa imeshaenea, wakafa baada ya muda mfupi, lawama ikaenda kwa kisu. Chembe za saratani kusambaa kwa sababu ya kukata kinyama ni jambo nadra mno. Tena ugonjwa wa dada yako umeshatapakaa mapafu yote mawili; kisu hakina pa kuusambaza zaidi. Saratani kwa sura hii si wazo la kwanza kichwani mwangu, ingawa siifuti.

Sasa tuje kwenye swali lililo nyuma ya swali lako: inakuwaje hospitali yenye CT, eksirei na maabara isijue mtu anaumwa nini?

Watu wetu wana neno moja, "mapafu yamejaa maji", na ndani ya neno hilo kuna magonjwa matatu yasiyojuana. Kuna maji yanayokaa nje ya pafu, kati yake na ukuta wa kifua. Hayo yanatolewa kwa sindano. Kuna maji yanayorudi nyuma kutoka kwenye moyo ulioshindwa kusukuma. Hayo yanapungua kwa dawa za kukojoza. Na kuna maji ya namna ya tatu, ambayo pafu lenyewe limevuja. Vifuko vya hewa ni mamia ya mamilioni, na ukuta wa kila kimoja ni mwembamba ajabu, ili oksijeni ipenye kuingia kwenye damu. Ukuta huo ukiungua, iwe kwa virusi, bakteria, dawa, sumu, au kinga ya mwili iliyogeuka, majimaji yenye protini yanapenya ndani na kuganda kama utandu wa uji uliopoa. Hapo oksijeni haipiti hata ukiileta kwa mtungi.

Mwaka 1967 madaktari wa Denver, Marekani, walieleza wagonjwa 12 wa namna hiyo. Wengine walikuwa wameumia ajalini, wengine walikuwa na maambukizi, lakini mapafu yao yalifanana. Hali hiyo tunaiita ARDS, na mkisikia neno hilo mjue halitaji chanzo. Linaeleza sura tu. Ukisimama mbali ukaona moshi juu ya nyumba za Vingunguti, unajua kuna kinachoungua, ila hujui kama ni jiko la mkaa au ni nyumba ya mtu. CT ya dada yako imeonyesha moshi. Uchunguzi wa maiti uliofanyika Hispania na kuchapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba kati ya waliotimiza vigezo vyote vya ARDS, chini ya nusu ndio waliokuwa na ule uharibifu wa vifuko tunaoutarajia. Waliobaki walikuwa na nimonia, au mambo mengine kabisa. Ndiyo maana mtu makini, dawa zikigoma, huanza kuwaza kinyama.

Hapo katikati, hata hivyo, kuna hatua ambazo barua yako haizitaji, nami ningependa uziulizie kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Umesema TB hawajaiona. Wameitafuta kwenye nini? Mgonjwa wa kikohozi kikavu hana makohozi ya maana, na kipimo cha TB cha GeneXpert ni kizuri kadiri ya sampuli iliyoingia. Aliyeko kwenye mashine ana mpira kooni tayari; kwa mpira huo huo daktari anaweza kupitisha kamera nyembamba, bronkoskopi, akafika ndani, akamimina maji ya chumvi ya dripu, kama mililita 100 hadi 200, kisha akayanyonya. Tunaita kuosha pafu, ingawa hatulisafishi kitu, tunachota. Maji hayo yanaeleza mengi. Yakirudi mekundu, na kila awamu ikawa nyekundu kuliko iliyotangulia, pafu linavuja damu kwa ndani. Yakikutwa na chembe nyeupe za aina ya eosinofili zaidi ya robo, huo ni ugonjwa mwingine, na mara nyingi unaitika haraka kwa steroidi, dawa zinazotuliza kinga ya mwili. TB, fangasi, pamoja na yule fangasi wa nimonia aitwaye Pneumocystis ambaye wengi wanadhani ni wa wenye HIV peke yao, wote wanatafutwa humo. Kwa mgonjwa wa mashine hatua hii ina hatari zake, oksijeni hushuka kwa muda, lakini hailingani na kufungua kifua. Kama haijafanyika na inawezekana, ianze hiyo.

Ulizeni pia kama moyo umepigwa picha ya ekko. Nchi yetu bado ina watu wazima wanaotembea na valvu iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni bila kujua, na pafu lao kwenye eksirei linaweza kumdanganya mtu mzoefu.

Halafu kuna kile kisentensi chako cha pembeni: "ni UTI tu ilikuwa inamrudiarudia". Hapo nilisimama. Umekiweka kama kitu kidogo, na kila siku nakutana na watu wanaokitaja hivyo, maana Dar hii "UTI sugu" imekuwa kama mafua. Mtu anakwenda duka la dawa, anapewa dozi, inapungua, inarudi, anapewa nyingine. Miongoni mwa dawa zinazotumika sana kwa UTI ni nitrofurantoini. Ni dawa nzuri na ya bei nafuu, na wengi hawapati shida yoyote. Lakini kwa wachache inaunguza mapafu. Wengine huwaka ndani ya siku au wiki chache, kwa homa na kubanwa pumzi. Wengine huumwa polepole, kwa kawaida baada ya kuitumia miezi sita au zaidi: kikohozi kikavu, kuchoka, kisha ngazi zinamshinda. Linganisha na ulivyonieleza.

Sisemi ndicho kilichompata. Sijui hata kama aliwahi kuinywa. Nasema hakuna mashine ICU inayoweza kujua alichonunua dukani mwezi wa tatu. Ninyi ndio mnaoweza. Mgonjwa amelazwa usingizi, hawezi kuhojiwa, na mara nyingi faili linasema "hana historia ya dawa" kwa sababu aliyemleta hakujua. Kwa hiyo tafuteni. Fungueni droo, mkoba wa dukani, chini ya mto. Mwulizeni binti anayemsaidia dukani. Piteni kwenye duka la dawa la mtaani kwake mkaulize alikuwa akichukua nini. Na kama kulikuwa na mitishamba, isemeni. Hakuna daktari mwenye akili atakayewagombeza leo kwa ajili ya chupa ya mizizi, atawashukuru. Semeni pia kama anafuga njiwa au kuku nyumbani, kama kuna ukungu ukutani, kama viungo vilikuwa vinamuuma au vidole kubadilika rangi kwenye baridi. Haya yote yana njia ya kufika kwenye mapafu.

Kama ikijulikana kwamba dawa fulani ndiyo mshukiwa, madaktari wanaweza kuamua kumpa steroidi bila kupita kwenye kisu. Utaniuliza, kwa nini wasimpe tu tangu sasa? Wapo wanaofanya hivyo, na si wajinga. Steroidi zinatuliza aina kadhaa za magonjwa haya, na kuna nyakati mgonjwa ni mdhaifu mno kwa upasuaji hivi kwamba kubahatisha ndiyo njia pekee iliyobaki. Lakini kwetu kubahatisha kuna gharama. TB iliyojificha inapata mlango. Fangasi wanashangilia. Na kuna mnyoo mdogo, Strongyloides, ambao mtu wa pwani anaweza kuishi nao miaka mingi bila habari. Akipewa steroidi nyingi unaweza kuzaliana na kutapakaa mwili mzima. Ndiyo maana wengi wetu tunampa mgonjwa ivermektini, dawa ya minyoo, kabla au pamoja na steroidi. Mkiambiwa anaanza steroidi, si kosa kuuliza kuhusu minyoo. Utaonekana umesoma.

Tuseme basi kamera imeingia na haikupata jibu, mfuko wa dawa hauna mshukiwa, moyo ni mzima. Sasa kinyama.

Kuna njia tatu, na neno "kukata" linazificha zote. Ya kwanza ni kupitia kamera ile ile, kwa koleo dogo linalong'oa vipande mfano wa punje ya mchele. Haina kovu, lakini punje hizo mara nyingi hazitoshi kuonyesha ugonjwa uliotapakaa, na kwa mgonjwa wa mashine pafu linaweza kutoboka. Ya pili ni koleo la kugandisha kwa baridi kali, linalotoa kipande kikubwa zaidi. Damu nayo inaweza kutoka nyingi zaidi, na inahitaji vifaa na mikono iliyozoea. Ya tatu ni upasuaji, kwa kamera za kifuani au kwa mpasuo mfupi kati ya mbavu. Njia ya kamera za kifuani huwa inataka pafu moja lipumzishwe huku lingine likifanya kazi peke yake, na mgonjwa wa hali ya dada yako mara nyingi hawezi hilo. Kwa hiyo usishangae daktari akichagua mpasuo, hata kama unasikia umepitwa na wakati. Katika hali hii ndio wenye usalama zaidi.

Jambo moja nitalisema kwa undani kwa kuwa lilinichoma. Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado kijana kwenye kazi hii, tulimpeleka mgonjwa wetu chumba cha upasuaji, akakatwa vizuri, akarudi salama. Kesho yake nikapiga simu maabara kuulizia otesho la TB na fangasi. Hakukuwa na kitu cha kuotesha. Kinyama chote kilikuwa kimetumbukizwa kwenye fomalini, ile dawa ya kuhifadhi, inayoua kila kiumbe. Kilikuwa kinaelea kwenye kopo, cheupe kama samaki aliyechemshwa. Kwa hadubini kilisomeka; kwa wadudu kilikuwa kimya. Tangu siku hiyo natuma makopo mawili, moja la fomalini na moja la maji ya chumvi safi, na naandika kwa herufi kubwa. Waulizeni: "Kipande kingine kinakwenda kuoteshwa?" Swali dogo, haliudhi, na linaweza kuokoa safari nzima.

Hilo ni moja. Lingine ninalotaka muulize ndilo zito kuliko yote: "Jibu likija, mtabadilisha nini?" Daktari aliyefikiri atakujibu papo hapo. Atasema, likiwa hili tutaanza steroidi za nguvu, likiwa lile tutaanza dawa za fangasi, likiwa kovu tupu lisilorudi nyuma tutakaa nanyi tuongee. Akikosa cha kusema, au akisema ni ili tujue tu, basi mama yenu ana haki ya kuendelea kushika kalamu yake. Ulizeni pia nani atakisoma kinyama na kwa siku ngapi, maana jibu linalokuja baada ya wiki tatu kwa mgonjwa wa ICU ni kama mwaliko uliofika harusi imeisha.

Msimamo wangu, kwa haya uliyonieleza: hatua za mwanzo zikikamilika bila jibu, na oksijeni anayopewa na mashine ikabaki pale kwenye 60 au chini, shinikizo la damu likijishikilia bila pampu za dawa, chembe za kugandisha damu zikitosha, na daktari wa upasuaji akiwa mtu anayeifanya kazi hii, ningesaini. Na ningesaini wiki hii. Tunakosea sana kwa kungoja. Siku zinavyokwenda ule utandu hugeuka kovu, maambukizi ya ICU yanaongezeka juu, na kinyama cha siku ya 25 kinaonyesha zaidi madhara ya kukaa kwenye mashine kuliko ugonjwa uliomleta. Lakini oksijeni anayoihitaji kutoka kwenye mashine ikipanda hadi 90 na 100, au shinikizo likaanza kuanguka, hesabu inageuka. Hapo nisingemgusa, na ningekubali kubahatisha kwa dawa.

Kuhusu kumhamisha: najua kuna mjomba anayesema apelekwe kwingine, kila familia inaye. Maoni ya pili ni haki yenu, hata Muhimbili wakiombwa wanaweza kuzungumza na daktari wenu kwa simu na kutazama picha. Mkahamishe picha kwanza. Kumsafirisha mtu wa mashine kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro, mtungi ukihesabu dakika, kunaweza kuwa na hatari kuliko kinyama chenyewe, na kufanyike tu kama kule kuna kitu ambacho hapa hakipo.

Ombeni kikao cha familia. Watu watatu wanatosha: mama, wewe, na mmoja anayeweza kuandika. Mama aulize swali lake mwenyewe kwa maneno yake mwenyewe. Akijibiwa uso kwa uso atasikia tofauti na anavyosikia kupitia kwako. Mkikataa, kataeni baada ya kikao hicho, na matibabu mengine yataendelea. Kukataa kinyama si kumtelekeza mgonjwa.

Kwa mwingine anayesoma hapa akiwa anatumia dawa ya UTI kwa muda mrefu na ameanza kikohozi kikavu au kubanwa pumzi: usingoje ngazi zikushinde. Nenda hospitali na boksi lake mkononi, wakusikilize kifua na kukupima oksijeni kidoleni. Anayepumua kwa kasi hata akiwa amekaa, au midomo kubadilika rangi, aende dharura usiku huo huo.

Nawe ndugu yangu, saa ya kuona wagonjwa jioni hii beba ule mfuko wa dawa jinsi ulivyo. Usiupange, na maboksi matupu usiyatupe.